Swali la Ishirini na Saba

Utafiti umenileta Tandahimba mwezi wa korosho
na dodoso la kurasa kumi na moja
na katoni mbili za sabuni za mche,
kwa kila atakayenipa dakika arobaini za maisha yake.

Kaya namba 214: Somoe Chihako,
miaka hamsini na mbili,
"au weka sitini, mgongo ndio unaojua."
Amekaa juu ya gunia tupu, anachambua korosho,
zilizonyauka kushoto, nzima kulia,
hanitazami.

Nikasoma kama nilivyofundishwa, bila kukaza sauti popote:
Kwa kipimo cha moja hadi tano,
moja ikiwa siridhiki kabisa, tano naridhika sana,
unaridhika kiasi gani na uwajibikaji
wa viongozi uliowachagua?

"Rudia."
Nikarudia.
"Hilo neno la katikati, refu kama foleni ya maji."
Uwajibikaji, bibi. Yaani kiongozi kutoa hesabu.
"Si ungesema hesabu tangu mwanzo."

Akaweka ungo chini.

"Mwaka ule malipo ya pili hayakufika,
katibu wa ushirika alikuwa na kalamu mbili,
moja ya kuandika kilo zetu, moja ya kuzipunguza.
Gunia likitoka kwangu themanini, kwenye daftari sabini na nne.
Sita zimekwenda wapi? Unyaufu, anasema.
Basi huo unyaufu ukaezeka bati la rangi,
ukaoa mke wa pili Nanyamba.

Hatukupiga kura. Hatukuandika barua.
Mimi, na Fatu Namkoko, na mama yake Mtipa,
tulipanda tukakaa juu ya mizani.
Wanawake watatu, kilo mia na themanini na kitu,
mshale unatetemeka,
magunia ya kijiji kizima yamesimama juani.
Tukamwambia: soma daftari kwa sauti, jina kwa jina,
ndipo tushuke.
Alianza saa nne. Alipofika kwenye N
alikuwa analia.
Sasa hiyo, kwenye karatasi yako, ni ngapi?"

Kwenye karatasi yangu ipo moja, mbili, tatu, nne, tano,
ipo 98, hajui,
ipo 99, amekataa kujibu,
na upo mstari wa mengineyo, eleza,
mfupi kama kidole.

Na diwani je? Na mbunge?
Akacheka, akanijibu kama anayetema ganda:

"Kura nimeshaipiga, kidole kina weusi,
Magari yakatuaga, yakapotea upesi,
Ahadi walizomwaga, hazikujaza gilasi,
Muhogo bado nasaga, maji tunabeba sisi."

Bibi, nikasema, nahitaji namba.

"Unahitaji namba.
Mwaka juzi alikuja kijana wa miwani.
Kabla yake mtu wa chuo kikuu, na mkalimani kutoka Masasi
anayekivunja Kimakonde kama kuni.
Wote niliwapa hesabu yangu:
tunalala wangapi, tunakula mara ngapi, kuku, jembe, redio.
Nani amerudi kunisomea daftari lake?
Mizani ile pale, mwanangu. Panda.
Utasoma lini?"

Tableti ikazima mwanga kwa kungoja.
Fomu ya ridhaa, aliyoitia dole gumba asubuhi ile,
inasema matokeo yatachapishwa.
Haisemi yatarudi.

Nikapekua maelekezo ya wadodosaji, ukurasa wa tisa:
mhojiwa akiuliza swali, tabasamu, endelea na linalofuata.
Nilitabasamu. Ishirini na nane
sikuweza kuitamka.

Kutoka Mtwara mjini msimamizi alipiga simu,
214 ifungwe kabla ya magharibi, mtandao unasumbua.
Nikaandika 99.

Sabuni aliipokea. Akaigeuza, akainusa,
akaipima kiganjani kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.
"Ya kijana wa miwani," akasema, "ilikuwa nzito zaidi."